Windows 11, Linux Mint na Mac: uzoefu wangu na kompyuta ya nyumbani hapa Kigoma

Nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma mjini, laptopu ni ya watu wote. Mke wangu anaweka humo hesabu za kikoba chao cha akina mama wanaouza dagaa na mawese. Binti yetu Neema yuko kidato cha tatu, anafanya mitihani ya miaka iliyopita na kusoma vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Mdogo wake anataka katuni na michezo. Mimi naandika barua, natuma maombi, naangalia video za ufugaji. Intaneti yetu ni hotspoti ya simu na bando la wiki. Umeme nao, ingawa si ule wa majenereta ya dizeli tulioishi nao miaka mingi, bado unakatika.

Nayataja haya mapema kwa sababu maoni mengi ninayosoma kuhusu mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha kompyuta, kama Windows) yameandikwa na watu ambao intaneti yao haiishi na maduka ya vipuri wanayo jirani. Hapa kwetu naupima mfumo kwa jambo moja kwanza: nani anaamua bando litumike lini na mashine izimwe lini, mimi au yenyewe?

Mashine yetu ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8. Ilikuja na Windows 10, na tuliitumia kwa raha. Kisha ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10. Mtaani ikavuma kwamba laptopu zote za zamani zimekufa. Hazikufa. Zinawaka na kufanya kazi kama kawaida, ila matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya tarehe hiyo hayazibwi tena. Microsoft waliweka mpango wa nyongeza wa kuendelea kuyaziba kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Unasaidia kununua muda, lakini lazima ujue unaelekea wapi.

Windows 11 haikuipokea mashine yetu. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi huo, na wengi wanafanya hivyo, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kuendelea kupata masasisho (updates). Ukikosa masasisho umerudi pale pale ulipoikimbia Windows 10.

Hata hivyo Windows 11 naijua vizuri, kwa sababu mke wangu ana laptopu nyingine mpya zaidi ya kazini kwake, na jioni mara nyingi ninakaa nayo mimi. Ni mfumo mzuri, nasema kwa moyo mkunjufu. Kila printa inaijua. Kila steshenari kuanzia Mwanga hadi Ujiji wanaitumia. Mtu akikutumia faili la Word lenye jedwali, nembo na sahihi, linafunguka vile vile alivyoliandika. Na ukikwama usiku, kuna mtoto wa jirani atakayekuambia bonyeza hapa. Hilo ni jambo kubwa kwa familia.

Shida yake kwetu ni bando. Windows imeumbwa kushusha masasisho yenyewe, na kila mwezi, Jumanne ya pili kwa saa za Marekani, Microsoft hutoa mapya. Ikiona hotspoti ya simu yako inaweza kuihesabu kama Wi-Fi yoyote isiyo na mwisho. Dawa ipo na watu wengi hawaijui: fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, tafuta swichi iliyoandikwa “Metered connection”, iwashe. Hapo umeiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na mashusho makubwa yatasubiri. Ukibadilisha simu, hotspoti inakuwa na jina jipya na swichi inarudi kuzimwa, kwa hiyo irudie. Nimeiwasha hiyo swichi kwenye laptopu za ndugu na majirani wengi, na kila mmoja ameniambia bando lake limeanza kufika mwisho wa wiki.

Kitu kingine cha kuangalia kwa makini ni akaunti. Windows 11 Home, inapowekwa mara ya kwanza, inataka intaneti na akaunti ya Microsoft. Mafundi wengi, ili kazi iishe haraka, wanaingiza barua pepe yao. Usikubali. Laptopu mpya za Windows 11 zinaweza kufunga diski nzima kwa usimbaji, na ufunguo wa kuifungua unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Siku mashine itakapogoma na kuuliza ufunguo, picha za harusi na hesabu zako zitakuwa mikononi mwa mtu ambaye labda ameshahamia Kasulu. Kaa na fundi, fungua akaunti yako mwenyewe, andika nywila kwenye daftari la nyumbani.

Na nawaomba sana, achaneni na Windows za kuvunjwa, zisizo na leseni, zinazokuja na programu ya kuzima antivirasi. Kitu kinachokuambia zima mlinzi kwanza ndipo kiingie, kinaingia kufanya nini?

Basi, kwenye EliteBook tukaweka Linux Mint, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, na hapa ndipo nina mengi ya kusema.

Mint ni bure, halali kabisa. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Finland, na Mint ilianza 2006. Matoleo ya familia ya Mint 22 yatapata masasisho hadi 2029. Faili lake la kusakinisha lina karibu GB 3, kwa hiyo lishushe usiku kama una bando la usiku, au mwombe mtu mwenye nakala. Unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus, unawasha laptopu kwa flashi hiyo, na Mint inafunguka mbele yako bila kugusa kilichomo kwenye diski. Unajaribu Wi-Fi, sauti, printa, kioo, kibodi. Ukiona haikufai, unazima, unachomoa, Windows yako iko pale pale. Sijui njia nyingine ya haki kama hiyo ya kumwonyesha mtu bidhaa kabla hajaichukua.

Wa nyumbani waliizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, folda zinaitwa folda. Neema aliuliza swali moja tu: “Baba, Word iko wapi?” Nikamwonyesha LibreOffice Writer, akaendelea na insha yake. Masasisho yanakuja kama alama ya ngao pembeni mwa saa. Ukiifungua unaona orodha, ukubwa wake kwa MB, na hakuna sasisho linaloshushwa mpaka wewe ubonyeze. Mwezi wa bando jembamba tunachagua ya usalama na kivinjari, mengine yanasubiri. Kuzima ni kuzima: umeme ukikatika na betri ikibaki kidogo, mashine inalala mara moja bila kukuambia subiri nimalizie.

Lakini kilichowafanya watu wa mtaani waanze kuulizia Mint ni flashi ya Mama Zawadi.

Mama Zawadi ndiye mweka hazina wa kikoba. Alikwenda kuprinti ripoti ya mwezi, akarudi na flashi ambayo kila kitu ndani kimegeuka vishale: folda ya hisa kishale, folda ya mikopo kishale, mfuko wa jamii kishale. Ukibonyeza, hakuna linalofunguka. Alikuja moja kwa moja kwetu.

“Baba Neema, hesabu za watu zimepotea zote. Nitawaambia nini wenzangu?”

“Hebu ilete kwanza, mama. Kaa.”

Nikaichomeka kwenye Mint. Vile vishale vikaonekana kwa sura yao halisi, mafaili madogo yanayoishia na .lnk. Pembeni yake kulikuwa na folda isiyo na jina, nafasi tupu tu. Ndani yake hesabu zote zilikuwa salama, kuanzia hisa za Januari. Kirusi cha aina hii hakifuti chochote. Kinazihamishia folda zako ndani ya folda iliyofichwa, kisha kinakuwekea kishale ambacho ukikibonyeza ndicho kinachokiamsha kirusi. Windows inaheshimu ile alama ya kufichwa, kwa hiyo huoni kitu; Mint haiijali, kwa hiyo unaona kila kitu. Na kwa kuwa kirusi kimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Mint hakina mguu wa kusimamia. Nilinakili folda tatu, nikaifomati flashi, nikazirudisha. Mama Zawadi alikuwa bado ameshika kikombe cha chai.

Hata kama huna mpango wa kuiacha Windows, flashi ya Mint weka nyumbani kwa kazi hii tu.

Sasa upande wa pili, maana nao upo. Microsoft Office haisakinishwi kwenye Linux. LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na jedwali la kikoba lenye hisa, faini na riba linakokotoa sawasawa, lakini barua yenye mapambo inaweza kuhama mistari. Sababu kubwa ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft. Weka Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule, na sehemu kubwa ya tatizo inaondoka. Barua ambayo mpokeaji hatairekebisha, itume kama PDF. Ila kama mwajiri wako anakurudishia faili la Word lenye masahihisho ya rangi rangi, au Excel yenye makro, usijitese, kaa na Windows.

Printa ndiyo ilinisumbua zaidi. Tunayotumia nyumbani iliitika yenyewe. Ya jirani, ya leza ya zamani, ilikataa katakata kwa sababu mtengenezaji wake hakuwahi kuitolea programu nzuri ya Linux, na tukaamua iendelee kubaki na Windows. Wi-Fi nayo hugoma kwenye baadhi ya laptopu za zamani. Ikitokea, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha fungua Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta viendeshi vya vifaa, na uiruhusu itafute. Na fundi wa Linux hapa mjini si wa kumwona kila kona. Timeshift, iliyomo ndani ya Mint, inakusaidia: inahifadhi hali ya mfumo ulivyo leo, na ukiharibika kesho unaurudisha mwenyewe. Iwashe siku ile ile ya kwanza.

Mac nimeitumia kwa muda mfupi, shemeji alipokuja kutoka Dar na MacBook Air yenye chipu ya M1 ya Apple wenyewe. Betri yake ni ya ajabu. Umeme ulikatika mchana, akaendelea kufanya kazi mpaka jioni bila kuutafuta. Kioo kizuri, masasisho hayadai pesa. Lakini RAM na hifadhi vimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, huongezi kitu baada ya kununua. Diski yetu ya nje, iliyofomatiwa kwa NTFS ya Windows, aliweza kuisoma lakini si kuiandikia. Na ukikutana na Mac za mtumba zenye prosesa za Intel kwa bei ya kuvutia, kumbuka Apple walitangaza mwaka 2025 kwamba mfumo wao wa macOS 26 ndio wa mwisho kuzipokea.

ChromeOS Flex, mfumo endeshi wa Google, ni nyepesi na inafufua mashine za zamani, ila karibu kila kitu chake kinaishi mtandaoni, na programu za Play Store haina. Kwa nyumba ya bando la wiki sioni nafasi yake.

Kabla hujabadilisha mfumo wowote, angalia diski. Kama laptopu yako bado ina HDD, ile inayozunguka, weka kwanza SSD, isiyozunguka. Tofauti utakayoiona inazidi ya kuhama kutoka Windows kwenda Mint. Kwenye mashine ya RAM GB 4 chukua Mint ya Xfce, toleo la Mint ambalo ni jepesi kuliko lile la Cinnamon.

Kikoba sasa wanakusanya fedha za kununua laptopu yao, na wameniomba ushauri. Nimewaambia watafute ya mtumba ya Intel kizazi cha 8 au juu yake, RAM GB 8, SSD ya GB 256, betri ijaribiwe dukani kabla ya kulipa. Iwe na Windows 11 halali, kwa sababu ripoti zao zinaprintiwa steshenari na wanachama wawili tayari wanaijua Excel. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, nywila ikae kwa katibu na kwa mweka hazina. Hotspoti ya Mama Zawadi iwashiwe ile swichi ya “Metered connection” siku ya kwanza. EliteBook yetu inabaki na Mint, na mwakani Neema akiingia kidato cha nne atakuwa ndiye anayeisasisha.