Magongo ya aluminiamu ya kwapani, nimeyatumia tangu nitoke hospitali

Naandika hii kwa yeyote mwenye mgonjwa wa mguu nyumbani ambae hajui anunue magongo gani. Mi nilivunjika chini ya goti kwenye ajali ya bodaboda hapa Dar, nikawekewa chuma, na haya magongo walininunulia washkaji wa kazini, walichangishana kwenye grupu la WhatsApp bila kuniambia, siku naruhusiwa nikayakuta yameegeshwa kitandani. Mungu awazidishie.

Ni mepesi sana ukilinganisha na yale ya mbao. Yana vitundu na vitufe vya kubonyeza, unarefusha au unapunguza, na pale pa kushikia pia panahama, unalegeza nati unasogeza. Ila watu wengi wanayaegemea na kwapa kabisa, hapana! Dada wa fizio (mazoezi ya viungo) alisema juu uache nafasi ya vidole viwili au vitatu kutoka kwapani na uzito wote uende mikononi, maana ukining'inia na kwapa unabana mishipa ya fahamu mkono unaanza kufa ganzi. Kaka yangu ndo alisikiliza kuliko mimi, tulivyofika home akayapima upya. Na ngazi alinifundisha yeye, kupanda unaanza na mguu mzima, kushuka yanatangulia magongo na mguu mbovu, nikipanda anakaa nyuma yangu nikishuka anakaa mbele, na hapo katoka kazini kachoka na foleni za Mbagala lakini anakuja tu.

Sasa kitu ambacho muuzaji hakwambii, magongo yanachukua mikono yote miwili. Huwezi kubeba kikombe, sahani, ndoo ya kuogea, hata simu ni shida. Hapo ndo niliwaona watu wangu. Mama alipanda basi kutoka Tanga akaja kukaa na mimi, asubuhi maji yashapashwa na kiti cha plastiki kishawekwa bafuni. Mtoto wa dada, yupo darasa la pili, akawa mbebaji wa uji wangu, anashika kikombe mikono miwili anatangulia mbele yangu pole pole macho yote kwenye kikombe lisidondoke hata tone, akifika anaweka mezani halafu anarudi kunivutia kiti. Mi machozi yalikuwa yananitoka na si ya maumivu. Rafiki yangu fundi cherehani nae akanishonea kimkoba cha kitenge cha kuvaa begani, simu, dawa na chupa ya maji vyote vinaingia, kipande kilichobaki akavalisha zile sponji za kwapani maana zilikuwa zinachubua ukitoka jasho.

Ubaya wake ni raba za chini. Zinalika haraka, na kwenye tailizi zenye maji zinateleza vibaya, kuna siku nusura niende chini barazani jirani akanidaka. Zinauzwa peke yake maduka ya vifaa tiba, zikaguweni mara kwa mara, ikilika badilisha siku hiyo hiyo usisubiri kesho.

Nayapa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa hizo raba. Mkinunua chukueni na raba za akiba, na mgonjwa mshoneeni kimkoba. Mama, kaka, fundi wangu, washkaji wa grupu, nawapenda mno, nikiyaweka chini haya magongo pilau nawapikia mwenyewe na kuwapakulia nawapakulia mimi.