Kutoka FL Studio kwenda Ableton Live: uzoefu wangu wa kutengeneza singeli

Nimeanza kutengeneza biti kwenye FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengeneza muziki, na karibu kila prodyuza wa singeli ninayemfahamu hapa Dar es Salaam alianzia hukohuko. Mwaka jana nikahamia Ableton Live 12, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, na sasa biti zangu zote zinazaliwa humo. Sikuhama kwa sababu FL ni mbaya. Nilihama kwa sababu ya MC.

Singeli haiishii studio. Biti inakwenda kwenye kigodoro, yaani sherehe ya mtaani, MC anashika maiki, na kuanzia hapo yeye ndiye anayeamua wimbo unaelekea wapi. Akiona watu wamepagawa na kipande fulani, anataka kiendelee. Akitaka kuchana bila ngoma, anataka ngoma zikatike palepale. Kama umekuja na faili moja la MP3, huna cha kumpa. Wengi tunabanana na programu za u-DJ, tunarudisha na kukimbiza, na shughuli inakwenda, ila huwezi kuondoa kinanda ukabakiza kiki (ngoma nzito ya chini) wakati vyote vimeshachanganywa kwenye faili moja.

Live ina kurasa mbili. Ukurasa wa Arrangement ni mstari wa muda, kushoto kwenda kulia, na mtu aliyezoea Playlist ya FL hatapotea. Ukurasa wa Session ndio ulionihamisha. Ni gridi ya visanduku: kila safu ya kwenda chini ni traki, na kila kisanduku ni klipu, yaani lupu inayojirudia mpaka uizime. Mstari mzima wa kwenda kulia ukiubonyeza, klipu zake zote zinaanza kwa pamoja. Mimi naweka ngoma traki ya kwanza, besi ya pili, lupu ya taarab ya tatu, kinanda ya nne, na vikorombwezo vya sauti ya mwisho. MC akinyanyua mkono nazima ngoma tu, lupu na kinanda vinaendelea, yeye anachana. Akishusha mkono, ngoma zinarudi na hazijapotea hata pigo moja.

Nisiwe mchoyo: FL nayo ina Performance Mode, sehemu yake ya kupigia jukwaani, na wapo wanaoicheza vizuri sana. Lakini inabidi uipange ndani ya Playlist kabla ya kuanza, na mimi kila nikiitumia nilihisi nacheza na kitu kilichoongezwa baadaye. Live ilijengwa kwa ajili ya jukwaa tangu toleo la kwanza la mwaka 2001. Baadhi ya waanzilishi wake kule Berlin, akiwemo Robert Henke, walikuwa wanamuziki wa elektroniki wanaotaka kupiga mbele ya watu kwa kompyuta, na ukiitumia hilo unaliona.

Sasa kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi, kwa kuwa yanatolewa na watu wa house na techno. Live inakuja ikiwa imesetiwa kusubiri mwanzo wa ba inayofuata, yaani mapigo manne, ndipo ianzishe klipu uliyobonyeza. Kwenye house ya BPM 125 (mapigo 125 kwa dakika), ba moja inachukua karibu sekunde 2. Unabonyeza kwa raha zako. Kwenye singeli ya BPM 300, ba nzima ni sekunde 0.8. Kidole kikichelewa kidogo tu, klipu inaingia ba moja mbele na MC ameshaanza mstari mwingine. Dawa yake ni kwenda juu kwenye kimenyu kilicho pembeni ya tempo na kubadilisha kutoka ba moja kwenda ba nne. Hapo unapata sekunde 3.2, na mabadiliko yanaangukia mahali ambapo sikio la mchezaji linayatarajia. Bila hiyo seti nadhani ningerudi FL mapema sana.

Cha pili ni Warp, zana ya kunyoosha sauti iliyorekodiwa ifuate tempo yako, na hapa ndipo mtu wa singeli anapaswa kukaa kitako. Muziki wetu umekua kwa kuchukua lupu za taarab na mchiriku na kuzikimbiza. Rekodi za taarab za zamani zilipigwa na watu waliokaa pamoja bila metronomu, kwa hiyo mwendo unapanda na kushuka kadiri mwimbaji anavyovuta pumzi. Kwenye mwendo wa kawaida ni utamu. Ukiipeleka kwenye BPM 280, noti ya moja ya kumi na sita (robo ya pigo) inachukua kama milisekunde 54 tu, kwa hiyo fidla ikichelewa kidogo inakuwa imeshaangukia noti nyingine kabisa. Kwenye Live unafungua mawimbi ya ile sauti, unabofya mara mbili kwenye pigo, alama ya njano inatokea, unaivuta mpaka kwenye mstari. Unakwenda hivyo pigo kwa pigo. Inachosha macho, lakini ukimaliza lupu inakaa popote utakapoipeleka.

Angalia pia programu imekisia BPM ngapi. Mara nyingi lupu ya 140 inasomwa kama 70, na ukiicheza inakuwa vurugu tupu. Kwenye dirisha la klipu kuna vitufe viwili, kimoja kinagawa kwa mbili na kingine kinazidisha kwa mbili. Bonyeza kinachohusika, yameisha. Kisha chagua namna ya kunyoosha sauti. Complex Pro inalinda kimo cha sauti, ila inakula prosesa na inafifisha mapigo ya dumbaki. Beats inafaa ngoma. Mimi kwa lupu za taarab natumia Re-Pitch, ambayo inafanya kama kaseti iliyokimbizwa: spidi ikipanda na sauti inapanda nayo, na ukizidisha mara mbili inapanda oktavu nzima. Ile sauti nyembamba inayokimbia, ambayo mtu akiisikia kwa mbali anajua hii ni singeli, inatoka hapo bila plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya ziada.

Toleo la 12 limeleta kitu ambacho sikukitegemea: unaweza kubadilisha mfumo wa toni wa mradi mzima. Taarab ya Zanzibar imekunywa maqam za Kiarabu, na ndani ya maqam kuna robo toni ambazo kinanda cha kawaida hakina. Kwa miaka mingi nilikuwa naweka sinthi (kinanda cha kielektroniki) juu ya lupu ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, na kusikia kuna kitu kinakwaruza, hata nifanyeje. Sasa napakia mfumo wa toni 24 kwa oktavu, na sinthi za Live zenyewe zinaufuata. Kinanda kikikubaliana na fidla ya mzee aliyerekodiwa kabla sijazaliwa, nasisimka mwili mzima. Kwa hili peke yake ningelipa.

Na kulipa ndiko penye shida. Intro, toleo dogo, ni dola 99, lakini inakupa traki 16 tu na mistari 16 ya Session. Suite, toleo kubwa, inapita dola 700. Mimi nilinunua Standard, ya katikati. FL unanunua mara moja na matoleo yote mapya unapata bure maisha yako yote. Live likija toleo kubwa jipya unalipia tena kulipandisha. Kwa prodyuza anayelipwa biti moja moja, hiyo si tofauti ndogo. Kadi ya mtandaoni niliyotengeneza kupitia mtandao mmoja wa simu ilikataliwa kila nilipojaribu, nikaishia kwenda kuomba kadi ya benki. Bando nalo lipangie. Usishushe paki zote za sauti, shusha programu yenyewe na paki utakayoitumia kweli.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, na inatosha kama ninagandisha traki zenye sinthi nzito, yaani kuzigeuza kwa muda kuwa sauti iliyokwisha kutengenezwa ili prosesa ipumzike, kabla ya kwenda kwenye shughuli. Kidhibiti chenye pedi ni kizuri, ila si lazima. Bonyeza Ctrl na K, chagua klipu, gusa herufi unayotaka, na kibodi ya laptopu inakuwa ndiyo pedi yako.

Ninachokikosa ni Piano Roll ya FL, ukurasa wake wa kuandikia noti. Kwangu bado ndiyo bora kuliko zote nilizozigusa: kuchora noti, kuzikatakata, kuzitelezesha, kuona kivuli cha noti za ala nyingine nyuma ya unayoiandika. Live 12 imeongeza zana nyingi za kuandika noti, lakini mkono wangu haujakwenda kwa spidi ileile. Kwa bahati nzuri FL inaweza kufunguliwa kama plagini ndani ya Live, kwa hiyo melodi ngumu za kinanda bado naziandika huko na sauti inatokea kwenye traki ya Live.

Miradi ya zamani usijaribu kuihamisha kama ilivyo. Ifungue FL, kwenye kutoa faili za sauti za WAV chagua kila traki ya mikisa itoke faili lake, kisha ziburute zote ndani ya Live kwa tempo ileile. Fanya hivyo kwa biti ambazo bado zinaitwa na MC, nyingine ziache.

Kama kazi yako ni kutengeneza biti, kuiuza na kuiaga, baki FL, sioni sababu ya wewe kutoa hela hiyo. Kama unapanda jukwaani na MC, chukua jaribio la bure la siku 30, linaloruhusu kuhifadhi na kutoa wimbo, ila lianze wakati una shughuli mbele yako na MC yuko tayari kufanya mazoezi. Ukijifungia nalo chumbani peke yako, ukurasa wa Session utakuonyesha nusu tu ya uwezo wake.