OPG kwa uvimbe wa taya: huduma naipa alama za juu, ila msikubali picha bila ripoti

Naandika hii kwa yeyote mwenye uvimbe kwenye taya, au mwenye ndugu ambaye shavu linakua upande mmoja na wala halimuumi, kaambiwa akapige OPG, yaani eksirei kubwa ya meno na taya zima, na anajiuliza kama kuna haja. Haja ipo, tena kubwa. Mdogo wangu wa kike ameipitia hii huduma kuanzia picha ya kwanza mpaka upasuaji na mimi ndo nilikuwa namsindikiza kila mahali, kwa hiyo nayaongea niliyoyaona na niliyowauliza madaktari mpaka wakanizoea.

Kwanza tuelewane ni picha gani. Kuna ile ndogo ya kuweka ndani ya mdomo, inaonyesha meno matatu au manne basi. Hiyo kwa jino lililotoboka au usaha kwenye mzizi ni nzuri sana, ila kwa uvimbe wa taya haitoshi kabisa. Kituo cha kwanza tulichoenda walimpiga hiyo, ukaonekana weusi wa pale mfupa ulipoliwa umekatwa na ukingo wa picha, yaani hujui unaishia wapi, na bado wakaandika antibayotiki na kusema ni gego la mwisho linaota vibaya. Dawa zikaisha, uvimbe uko palepale. Hapo ndo nasema ukiona weusi umetoka nje ya picha usiondoke, uliza picha kubwa iko wapi.

Picha kubwa ndo OPG. Inachukua taya la juu na la chini kwa mkupuo mmoja, kuanzia kiungo cha taya karibu na sikio la kulia mpaka la kushoto. Unasimama, mashine inakuzunguka kichwa kwa sekunde chache tu, haigusi kidonda wala nini. Kabla ya hapo unavua hereni, mkufu, miwani, vibanio vya nywele na meno ya bandia kama unayo, maana hereni ya sikio moja inaweza kutoa kivuli upande wa pili wa picha na kuziba kitu muhimu. Unang'ata kijiti kwa meno ya mbele, kidevu kinakaa kwenye kishikio chake, halafu ulimi unaubandika juu kwenye kaakaa na unaubakiza hapo hapo. Hili la ulimi vituo vingine hawasemi, na ukiuacha chini hewa inayobaki mdomoni inachora mkanda mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu. Dada wa mashine kwenye kituo cha pili alimwelekeza mdogo wangu taratibu, akamjaribisha kwanza kabla ya kupiga, na picha ikatoka safi mara ya kwanza. Kwa hilo nampongeza kwa moyo wote.

Mionzi isiwatishe. OPG moja kwa kawaida haifiki hata mikrosiveti 30 (hicho ndo kipimo cha mionzi), wakati mionzi ya asili inayompata binadamu wa kawaida kwa mwaka mzima ni wastani wa mikrosiveti 2,400 hivi. Mjamzito aseme tu mapema.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye kusoma. Dokta aliiweka kwenye skrini akaanza kutuonyesha, palipo peusi ni mfupa umeliwa au umesukumwa, palipo peupe ni kitu kigumu. Akafuata ukingo wa ule weusi kwa kalamu, ulikuwa umechorwa vizuri, na ndani yake vyumba vyumba vidogo kwa vikubwa, ule muonekano wanaouita povu la sabuni. Gego la mwisho lilikuwa limesukumwa chini kabisa karibu na kona ya taya, na mizizi ya magego mawili ya jirani imeliwa, imebaki mifupi. Mfereji wa mshipa wa fahamu wa taya la chini nao umesukumwa. Akasema uvimbe usio saratani mara nyingi unakua polepole, ndo maana mfupa unapata muda wa kujitengenezea mpaka na meno yanasukumwa pembeni, wakati saratani mara nyingi inakula mfupa ovyo bila mpaka unaoeleweka. Halafu akamuuliza kama mdomo wa chini unakufa ganzi, maana ganzi isiyo na sababu ni dalili ya kuwahi haraka hata kama picha inaonekana tulivu.

Kuna aina ambazo picha peke yake inakaribia kutoa jibu. Odontoma kwa mfano, unaona vijimeno vidogo vidogo vimejikusanya mahali pamoja na kuzuia jino halisi lisiote, hiyo mara nyingi inagundulika kwa mtoto au kijana ambaye jino lake halitoki. Na kuna mabadiliko ya mfupa kwenye mizizi ya meno ya mbele ya chini ambayo huwapata zaidi wanawake weusi wa umri wa kati, mwanzoni yanaonekana meusi kama usaha kumbe jino ni zima kabisa. Hapo jino linapimwa kwanza kama lina uhai, likijibu haling'olewi na mzizi wake hautibiwi. Mimi hili liliniuma kusikia, maana picha ile ile mikononi mwa mtu mwenye haraka inamng'olesha mtu meno mazima.

Ila nisiisifie kupita kiasi, mipaka ipo. OPG ni bapa, haionyeshi uvimbe umetokeza kiasi gani upande wa shavu na upande wa ulimi. Mifupa ya shingo inaweka kivuli eneo la meno ya mbele. Taya la juu ndo gumu zaidi kusoma kwa sababu ya uwazi wa hewa uliopo pale. Na weusi mdogo hauonekani mpaka mfupa uwe umeshapoteza madini mengi. Kwa hiyo baada ya OPG mdogo wangu alipigwa ile ya 3D, CBCT, mionzi yake ni mingi zaidi ila hapo ndo daktari wa upasuaji alipima vizuri. Na jina la ugonjwa halikutoka kwenye picha yoyote, lilitoka maabara baada ya kukatwa kipande kidogo: ameloblastoma, uvimbe wa taya usio saratani ila unakula mfupa. Tuliambiwa wazi kuna vimbe nyingine kwenye taya zinazofanana nayo kwenye eksirei kiasi kwamba hata mzoefu hawezi kuapa, na matibabu yake yanatofautiana.

Lawama yangu moja kubwa. Tulipewa CD tu, bila hata mstari mmoja wa maelezo, tukaambiwa daktari wenu atasoma. Huduma ya picha bila ripoti ya mtaalamu wa kusoma picha naihesabu nusu, na tulirudi kuidai mpaka ikaandikwa. Dai ripoti jamani, dai na faili lenyewe la picha, sio kumtumia daktari WhatsApp ya filamu iliyoshikwa dirishani, pale mpaka wa uvimbe hauonekani sawasawa na mpaka ndo kila kitu. Kwenye ameloblastoma ya aina hii ya vyumba vyumba chembe zake huwa zinapenya kwenye mfupa kupita pale picha inapoonyesha mwisho, ndo maana wapasuaji wengi huondoa sentimita 1 mpaka 2 za mfupa unaoonekana mzima, ukikwanguliwa tu uwezekano wa kurudi ni mkubwa.

Saa hizi mdogo wangu kashafanyiwa upasuaji, yuko kwenye ufuatiliaji na OPG ni ya kila mara, kwa sababu huu uvimbe unaweza kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi. Daktari anaweka picha mpya pembeni ya ya zamani anafananisha ukingo kwa ukingo, kwa hiyo faili zote tumezihifadhi sehemu mbili tofauti, na ile ya kituo cha kwanza yenye weusi uliokatwa pia ipo.