MC Hammer, Please Hammer Don't Hurt 'Em (1990): nimeirudia yote mwanzo mwisho, maoni yangu haya

Nianze na jibu kwa wale wasiopenda maelezo marefu: hii albamu ni tamu ukiwa umesimama, ukikaa inakuwa ya kawaida sana. Ukivaa hedifoni ukajilaza kitandani kusubiri mistari ya kukufikirisha utaona jamaa anapayuka tu juu ya biti za watu, ila iweke kwenye spika kubwa, sogeza meza pembeni, hapo ndo utaelewa kwa nini mwaka 1990 watu walichanganyikiwa.

Kwa watoto wa elfu mbili ambao mnamjua kwa klipu tu, MC Hammer jina la kuzaliwa ni Stanley Kirk Burrell, mtu wa Oakland, California. Albamu ilitoka Februari 1990 chini ya lebo ya Capitol, ikakaa namba 1 kwenye chati ya albamu ya Billboard wiki 21, na ndo albamu ya kwanza ya hip hop kupewa daimondi Marekani, yaani kopi milioni 10. Kipindi hicho rap bado wakubwa wa mziki wanaiona ya kupita tu, af anatokea huyu na suruali lake pana anawauzia wazungu, weusi, watoto na bibi zao. Ugomvi ulianzia hapo na mpaka leo haujaisha.

Kwetu peke yake maoni yapo ya kila aina. Bro wangu ni shabiki damu damu wa Public Enemy, lile kundi la rap ya siasa za watu weusi, ukimtajia Hammer anakunja sura, anakwambia mwaka huohuo 1990 Public Enemy wametoa Fear of a Black Planet, Ice Cube katoa AmeriKKKa's Most Wanted, A Tribe Called Quest wameingia na albamu yao ya kwanza, sasa wewe unaniletea mtu wa kurukaruka? Na hayuko peke yake, maana hata huko kwao wachanaji wenzake walimcheka hadharani, 3rd Bass walimpiga dongo, Ice Cube naye akamkejeli kwenye video. Kwa bro hoja imeishia hapo, Hammer hana mistari, kwisha habari.

Dada yangu ukimuuliza anacheka tu. Yeye rap aliijua kwa Hammer, kwenye disko toto za sikukuu, Idi na Krismasi, mchana kweupe mnajazana ukumbini na soda zenu, na ikigonga U Can't Touch This basi duara linafunguka na kila mtaa unatoa mtu wake. Mtaa wetu wa Magomeni tulikuwa na jirani mmoja fundi cherehani alimshonea mwanae suruali ya Hammer kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia, maua makubwa kabisa, kiunoni imejaa marinda, katikati imeshuka karibu na magoti, af chini kwenye kifundo imebana kama soksi. Mtoto akitembea kawaida unamcheka, akianza kwenda pembeni kwa zile hatua za harakaharaka miguu huioni, unaona kitambaa tu kinateleza. Hiyo ndo kazi ya ile suruali, haikuwa urembo tu, inakuza mwendo ili hata mtu wa siti ya mwisho kabisa aone kuna kitu kinafanyika. Na kumbuka Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo hizo hatua zilipatikana kwa wenye deki za video, mkanda unazunguka nyumba kwa nyumba mpaka picha inaanza kuchezacheza.

Dada ana hoja nyingine ambayo mi naiona nzito kuliko ya bro, kwamba hii ndo rap pekee mama aliyoiruhusu sebuleni. Haina matusi, na ndani kuna Pray, wimbo wa kusali kabisa. Na Hammer hakuwa anaigiza kwenye hilo, amekulia kanisani kweli, kabla hajawa Hammer huyu alishachana nyimbo za dini, na baadae akawa mhubiri.

Sasa twende kwenye ngoma zenyewe. Here Comes the Hammer inafungua vizuri, ina jasho la James Brown, unasikia mtu anaingia steji. Inafuata U Can't Touch This ambayo sina cha kuongeza ila nataka uisikilize kwa makini ile besi ya mwanzo. Imetoka kwenye Super Freak ya Rick James, 1981, ni kipande kifupi kinapanda af kinashuka, kinarudi, kinarudi tena, hakibadiliki. Hammer hapambani nacho. Anaongea sentensi fupi, anaacha nafasi, besi inajibu, anaongea tena. Mchanaji mwenye maneno mengi angeiua hiyo biti ndani ya dakika moja. Af ule mkato ambao kila kitu kinanyamaza anasema tu stop, umekaa pale makusudi ili wachezaji wagande na warudi pamoja, ni alama ya kuongoza dansi kabisa. Mpwa wangu wa miaka kumi na sita alikuja na maringo yake, "Anko huyu mbona anarudia vilevile?", ilipofika huo mkato nikamwona bega linacheza, nikanyamaza zangu.

Pray imejengwa juu ya When Doves Cry ya Prince, 1984, na binafsi naiona ndo ngoma iliyozeeka vizuri kuliko zote. Kwaya inaitikia kama ibada ya Jumapili, biti ya Prince inakuwa na ubaridi fulani ambao Hammer anaupasha kwa sauti, na kwenye chati ya singo Marekani, yaani wimbo mmojammoja, ilifika namba 2. Ndio, inapita juu ya U Can't Touch This iliyoishia namba 8, watu wengi huwa hawaamini. Sababu ni ya kibiashara: Capitol hawakuitoa U Can't Touch This kama singo ya kaseti ya kawaida, waliitoa kwa santuri kubwa ya inchi 12 tu, kwa hiyo ukiitaka nyumbani ilibidi ununue albamu nzima. Ujanja huo ndo umechangia zile milioni kumi, na hapohapo ndo umezaa malalamiko, maana mtu amenunua kwa ajili ya ngoma moja anakutana na kumi na mbili nyingine hakuziomba.

Na hapo ntakubaliana na walalamikaji. Have You Seen Her ni ya The Chi-Lites ya 1971, yeye karibu nusu anaongea, kwa wapenda slow itapita, mi naipa heshima kidogo kwa sababu kiitikio hakijaharibika. Help the Children imeegemea kwa Marvin Gaye, ujumbe mzuri, inagusa. Dancin' Machine ya kina Jackson 5 ameichukua bila kuongeza chochote cha maana. Kuanzia Crime Story kwenda chini ndo mafuta yanaisha, ingawa Crime Story yenyewe ina giza ambalo hulitegemei kwa Hammer na ningependa angeenda zaidi upande huo. She's Soft and Wet anamrudia Prince tena na safari hii hakuna sababu. Black Is Black nia njema, mistari dhaifu, bro ana haki hapo kabisa, ukiiweka karibu na Public Enemy inaonekana bango la shule. Let's Go Deeper na Work This nenda kaoshe vyombo.

Halafu urefu. Albamu inakaribia saa nzima, na kwetu ilifika kwa kaseti za kurekodisha, unapeleka kaseti tupu dukani unarudi kesho kuchukua. Kaseti ya dakika 60 ina nusu saa kila upande, na nyimbo hazijui hesabu hizo, kwa hiyo yule wa dukani alikuwa anakata pale kaseti ilipoishia. Yetu upande wa pili uliishia katikati ya Let's Go Deeper, paap, kimya. Miaka mingi mi nilijua albamu ina nyimbo kumi na mbili kasoro robo, na nikisikiliza sasa hivi kwa ukamilifu naona yule jamaa wa dukani alikuwa na sikio.

Turudi kwenye hili la kuiba biti maana ndo silaha kubwa ya wanaomponda. Kwanza kisheria lilimalizwa, Rick James alilalamika na akaishia kuwekwa kama mtunzi mwenza, hela ikaingia, na Grammy ya wimbo bora wa R&B ya 1991 waliigawana, ambayo ndo Grammy pekee Rick James aliwahi kushinda maisha yake yote. Kwa hiyo aliyeibiwa alitoka na tuzo. Pili, sisi Wabongo tukimcheka mtu kwa kuchana juu ya biti ya mwenzie tutakuwa tunachekesha. Rap yetu ya Kiswahili imeanzaje? Saleh Jabir mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua biti ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice akaiwekea Kiswahili, mji ukasimama, na mpaka leo wazee wa hip hop wakianza kuhadithia wanaanzia hapo. Na Vanilla Ice mwenyewe, ambaye ndo aliyemtoa Hammer namba 1 Novemba 1990, ile biti kaitoa kwenye Under Pressure ya Queen na David Bowie, na Queen ndo bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Yaani besi imezunguka dunia nzima imekuja kutua Dar, umbali wa boti tu kutoka alipozaliwa mwimbaji wake. Nilivyomwambia bro hii akakaa kimya kidogo af akasema "lakini Saleh alikuwa na mistari". Sawa kaka.

Kitu ambacho Hammer hapewi sifa ni kuchapa kazi. Alikuwa mtoto wa kubeba mipira na magongo kwenye timu ya beseboli ya Oakland A's, jina Hammer lenyewe alilipata pale kwa kufanana na mchezaji Hank Aaron, ambaye naye aliitwa Hammer. Akaingia jeshi la maji miaka mitatu. Alipotaka kutoa mziki akakopa kwa wachezaji wawili wa hiyo timu, akafungua lebo yake, akawa anauza rekodi kwenye buti la gari. Hii albamu sehemu yake alirekodi njiani, ndani ya basi la ziara, na kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na ilichoingiza. Ukijua hivyo unasikia kwa nini baadhi ya sauti ni kavu na kinanda kinalia kama cha kanisa la mtaa wa pili, sio kwamba masikio yako mabovu.

Yaliyofuata mnayajua, majumba, farasi, wafanyakazi wapatao 200 kwenye mishahara, na 1996 akatangaza kufilisika akiwa na deni la mamilioni. Watu wanapenda kuitumia hiyo kuihukumu albamu, kitu ambacho sikielewi. Hela zake kaishiwa yeye, Pray haijaishiwa.

Kuhusu ubora wa sauti kwa mnaotaka kuisikiliza leo: mtandaoni inasikika safi ila besi iko nyembamba ukilinganisha na mziki wa sasa, mziki wa mwaka ule haukutengenezwa kwa kuvimba hivyo, ongeza besi kidogo kwenye spika, usiongeze sana maana makofi yanaanza kukwaruza. Simu pekee usijisumbue. Mi nilinunua pia sidii moja ya mtumba ambayo muuzaji aliapa ni orijino, ndani nikakuta imeandikwa kwa kalamu ya wino na wimbo wa tano unarukaruka kuliko Hammer mwenyewe, kwa hiyo ukinunua kwa mkono fungua kasha kabla ya kutoa hela.

Maksi zangu: kwa kucheza 9 kati ya 10, kwa michano 4, kwa mpangilio wa nyimbo 5, na kama una watoto wenye sherehe ya kuzaliwa weka namba moja, mbili na nane (hiyo ni Pray), zirudie, hakuna atakayekuuliza zingine ziko wapi. Bro kasema anatoa 3 kwa jumla na hiyo ni kwa sababu ya Crime Story tu. Dada kasema nisimuulize maswali ya kijinga.

Halafu kuna ile filamu yake yenye jina hilihili la albamu, ambayo nayo ilichukua Grammy ya video ndefu, Hammer anarudi mtaani kwao na humohumo anaigiza mchungaji. Mi nimeona vipande tu, na deki bado ninayo na inafanya kazi, kama kuna mwenye mkanda wake unaosomeka aniambie bei.