Shule za vipaji maalumu: mzazi anapata nini hasa?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wazazi wa Tanzania hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza huziona shule za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana, pamoja na Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana, kuwa ndiyo ngazi ya mtoto wa mkulima kupanda bila kulipa ada. Fungu la pili hulalamika kwamba shule hizi zinazikamua shule za kata: mtoto aliyekuwa akilivuta darasa zima anachukuliwa, wenzake wanabaki bila wa kumfukuzia. Wote wana hoja, lakini wengi wao hubishania jina lililoandikwa kwenye kibao cha shule.

Jina linataja vipaji, na mlangoni zinapimwa alama. Mtihani una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na daraja A huanzia 241. Hakuna usaili. Mwalimu aliyekaa na mtoto miaka yote hiyo haulizwi kitu. Mtoto anayefungua redio iliyokufa na kuirudisha ikilia, lakini Maarifa ya Jamii ikamwangusha, mfumo huu haumwoni kabisa. Na kwa kuwa maswali mengi ni ya kuchagua herufi, anayeruka swali bila kuruka mstari wake kwenye fomu ya majibu huhamisha kila kivuli anachoweka baada ya hapo. Mazoezi ya kujaza fomu hiyo yafanyike mapema, kwa penseli na kwa kuangalia saa.

Je, ndani kuna nini? Mtaala ni uleule wa shule ya kata, na mitihani ya Baraza la Mitihani (NECTA) ya kidato cha pili na cha nne ni ileile. Mwenye kasi haruki darasa wala hapewi silabasi ya juu zaidi. Anachopata ni wenzake wanaomtoa jasho, bweni, na saa za kujisomea usiku ambazo mtoto anayetembea kilomita nyingi kurudi nyumbani hana. Hiyo ndiyo huduma yenyewe, na kwa mtoto anayetoka mahali ambapo hana wa kushindana naye ni huduma kubwa. Kwa mwenye utulivu nyumbani, vitabu na shule nzuri ya kutwa karibu, tofauti ni ndogo kuliko wazazi wanavyodhani.

Matokeo nayo yasomwe kwa makini. Tangu 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, kwa hiyo mzazi afungue ukurasa wa shule na kuhesabu mwenyewe. Daraja la kwanza kidato cha nne ni pointi 7 hadi 17, chache ndiyo bora, na huo ni uwanja mpana. Shule iliyopokea watoto wenye A tupu haistahili pongezi kwa sababu tu wamepata daraja la kwanza. Angalia wangapi wana pointi 7 hadi 10, kisha pitia herufi za Hisabati na Fizikia mtahiniwa mmoja mmoja. Kwa shule ya namna hii, mwanafunzi mwenye daraja la pili ni swali ambalo shule inapaswa kulijibu.

Panapoharibika zaidi ni muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza. Aliyesoma kwa Kiswahili shule ya msingi ya serikali anakutana na Biolojia kwa Kiingereza, pembeni yake ameketi aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wiki za kati ya matokeo na Januari ndizo za kuziba pengo hilo: istilahi za Hisabati na sayansi, kurasa chache kila siku, aziandike na kuzitamka. Pigo lingine ni nafasi. Aliyezoea kuwa wa kwanza anajikuta wa sitini, na barua ya kwanza nyumbani inaomba uhamisho. Msihame kwa sababu ya namba hiyo. Linganisheni alama zake za Machi na za Juni, zikipanda, mwacheni. Zikishuka huku halali wala hali vizuri, hapo nendeni shuleni mkamwone mwalimu wa malezi ana kwa ana.

Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa Januari 2016, lakini safari haijawa ya bure. Fomu ya maelekezo ya kujiunga huorodhesha godoro, shuka, neti, ndoo, tranka, sare, madaftari, mara nyingi na jembe au fyekeo. Nauli ya kutoka Bukoba hadi Morogoro kila likizo, kwenda na kurudi, ndiyo inayozichosha familia nyingi. Pigeni hesabu ya mwaka mzima kabla ya kushona sare.

Kisha kuna hili: kwa ratiba ya mtaala ulioanza 2024, ambao shule ya msingi inaishia darasa la sita, darasa la sita na la saba watahitimu pamoja 2027. Nafasi za Januari 2028 zitagombewa na makundi mawili kwa mpigo. Mwenye mtoto katika kundi lolote kati ya hayo aanze sasa kuikagua shule ya kata iliyo jirani: ina walimu wangapi wa Fizikia na Hisabati, maabara ina vifaa au kuta tupu, na taa za darasani huwaka hadi saa ngapi usiku.