Invisalign: panapofaa na panapokwama

Kwa meno yaliyobanana kidogo au yenye mianya midogo, Invisalign, yaani vifuniko vya kunyoosha meno, inafanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba huuzwa kama dawa ya kila mpangilio mbaya wa meno, na siyo.

Ni mfululizo wa vifuniko vya plastiki angavu. Kila kimoja husogeza jino kwa takriban robo milimita, kisha unavaa kinachofuata baada ya wiki moja au mbili. Plastiki husukuma vizuri, lakini kushika ni kazi nyingine. Chonge na magego madogo ni ya mviringo, kwa hiyo ukitaka kuyazungusha, kifuniko huteleza juu yake. Ndiyo maana daktari hubandika vinundu vya kompositi, ile resini ya kuzibia meno yenye rangi ya jino, ili plastiki ipate pa kukamata. Mgonjwa akivikataa kwa sababu ya urembo, asishangae jino likibaki limepinda. Kulivuta jino chini au juu kutoka kwenye fizi pia ni udhaifu wake, na hapo nyaya za chuma zinazobandikwa kwenye meno bado zinaongoza.

Kuhusu namna meno yanavyokutana: kwa kawaida ya juu huyafunika ya chini kwa milimita 2 hadi 3. Kama ya mbele hayagusani kabisa, unene wa plastiki katikati ya magego unasaidia, kwa kuwa huyakandamiza kila unapouma. Kama ya juu yanayafunika ya chini kupita kiasi, unene huohuo unakupinga. Na taya lenyewe likiwa fupi au limechomoza kwa mtu mzima, kifuniko hakirefushi mfupa. Hapo linazungumziwa suala la upasuaji.

Agizo la kuvaa vifuniko saa 22 kwa siku si pambo la tangazo. Ukivaa saa 14, jino linabaki nyuma ya ratiba, na dalili yake ni nafasi kati ya ncha ya jino na plastiki. Usiruke kwenda kifuniko kinachofuata! Ng'ata kijiti cha mpira cha kukaza vifuniko kwa dakika chache kila unapokivaa, ongeza siku kadhaa, na nafasi isipozibika upigwe skani upya. Ondoa kifuniko unapokula, na ukiwa umekivaa kunywa maji baridi tu. Maji moto hukipinda, na kikishapinda hakirudi.

Kabla ya kulipa, hakikisha meno yaliyooza na fizi zinazotoka damu zimetibiwa, na eksirei imepigwa. Huduma zinazotuma vifuniko nyumbani bila mtu kukuchungulia kinywa zinaruka hatua hii, nasi hatuzipendekezi.

Uliza pia kama bei inajumuisha kifaa cha kushikilia meno baada ya tiba. Nyuzi zinazofunga jino kwenye mfupa hulivuta lirudi lilikotoka, kwa hiyo kitavaliwa kila usiku kwa miaka, na kikichakaa kitahitaji kubadilishwa.