Zenodo kwa mtafiti wa Nyanda za Juu Kusini: tathmini baada ya misimu miwili ya viazi

Kwa misimu miwili sasa tumekuwa tukiitumia Zenodo kuchapisha data za utafiti wetu wa viazi mviringo, unaofanywa na wahadhiri na wanafunzi wa uzamili hapa Mbeya pamoja na wenzetu wa chuo kikuu kimoja cha Uholanzi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mhadhiri wa Mbeya, Iringa au Njombe ambaye mfadhili amemwambia kwamba data zake lazima ziwe huria, yaani wazi kwa wengine kuzisoma na kuzitumia, naye hajui aanzie wapi.

Zenodo ni hifadhi ya kidijiti iliyozinduliwa mwaka 2013 kupitia OpenAIRE, mradi wa Ulaya wa sayansi huria, kwa fedha za Tume ya Ulaya, na inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo Geneva. Mtumiaji halipi chochote. Rekodi moja inaruhusiwa kubeba hadi GB 50, kiasi ambacho kwa sisi tunaokusanya hojaji ni sawa na kupewa ghala zima ili uhifadhi debe moja la maharage. Kila rekodi hupewa DOI, yaani anwani ya kudumu ambayo msomaji anaweza kuinukuu kama anavyonukuu makala ya jarida.

Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya kujaza majina ya waandishi. Katika ushirikiano mmoja wa zamani, ambao siutaji, data zetu ziliondoka zikiwa kwenye flashi, na tulipokuja kuziona tena zilikuwa ndani ya makala ambayo ilitushukuru kwa mstari mmoja mwishoni. Safari hii tulikubaliana na Waholanzi kabla ya msimu kuanza kwamba yeyote aliyepanda na kushuka vilima vya Isongole na Umalila na hojaji mkononi atatajwa kama mwandishi wa data. Wanafunzi wanne wakajisajili ORCID, mfumo wa kimataifa wa kuwatambulisha watafiti kwa namba, wakapata namba zao za tarakimu 16, na leo mmoja wao anaiweka DOI hiyo kwenye wasifu wake anapoomba kazi. Mapendekezo ya UNESCO kuhusu Sayansi Huria, yaliyopitishwa Novemba 2021, yanahimiza kujenga uwezo wa watu. Mimi nimeuona ukijengwa katika kisanduku hicho cha majina kuliko katika semina yoyote niliyohudhuria.

Kupakia faili ni jambo linalotegemea zaidi mtandao wako kuliko huduma yenyewe. Jedwali la hojaji lilipanda kabla chai haijapoa. Picha za majani yenye ugonjwa wa bakajani, ambazo zilikuwa GB 11, zilitukesha usiku mbili kwa sababu intaneti ya ofisini kwetu ilikuwa ikikatika, na mwishowe tukazigawa katika mafurushi madogo ili likikwama moja tusirudie yote. Atakayefuata njia hiyo akumbuke kwamba rekodi moja ina kikomo cha faili 100.

Kuna jambo ambalo hakuna hifadhi inayoweza kukufanyia, nalo ni kuzieleza data zako. Toleo letu la kwanza lilikuwa na safu iliyoandikwa «magunia» tu. Mwenzetu wa Uholanzi, kwa nia njema kabisa, alizidisha kila gunia kwa kilo 100, akatuandikia kuuliza kwa nini wakulima wa Rungwe wanaonekana kuvuna kidogo kuliko wanavyouza. Sisi tuliokulia huku hatukuona tatizo, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba gunia la viazi linalopandishwa kwenye fuso mara nyingi ni lumbesa, limeshonewa kichwa juu ya mdomo wake na linazidi kilo 100 kwa kiasi kinachotegemea mnunuzi. Ilitubidi kurudi shambani na mizani. Siku hizi hatuchapishi jedwali lisilo na faili la maelezo linalosema kila safu inamaanisha nini, imepimwa kwa kipimo gani na nani alipima, na tunaliandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Kurasa za Zenodo ni za Kiingereza, lakini maelezo ya rekodi unaweza kuyaandika kwa lugha unayotaka.

Mhadhiri asidhani pia kwamba uhuria maana yake ni kumwaga kila kitu hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu mtafiti sawasawa na inavyoihusu benki. Tuliondoa majina, namba za simu na viwianishi vya mashamba, tukaishia kwenye ngazi ya kata. Zenodo inaruhusu faili kufungwa huku maelezo yake yakibaki wazi, na pale ambapo ridhaa ya mkulima ilikuwa na utata tulitumia njia hiyo.

Kwa mafunzo, anzeni na sandbox, tovuti ya Zenodo ya majaribio ambako mwanafunzi anaweza kukosea bila madhara. Mwenzetu mmoja kutoka Uholanzi alikaa nasi siku mbili akifundisha hapo, na siku ya pili asubuhi mkutubi wetu ndiye aliyekuwa mbele ya darasa, jambo ambalo ningelidai katika kila mkataba wa ushirikiano.

Baada ya mizani kurudi kutoka Isongole tulichapisha toleo la pili, lenye safu mpya ya uzito halisi. Kila toleo lina DOI yake, na ipo nyingine inayoyawakilisha yote, kwa hiyo lile la kwanza bado lipo pale pale, na magunia yetu yasiyo na kilo, na majina yetu juu yake.